Ghala la Chumvi

3 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia hata kabla hujafungua karatasi. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi lina maoni yake kuhusu ngazi. Bado nakaa chumba kile kile juu ya duka la dobi. Sakafu ina joto kuanzia asubuhi mpaka saa kumi na moja, na vitabu vyangu vyote vinanukia sabuni ya nguo za watu.

Nakuandikia kwa jambo. Bunge la hapa limeunda kamati ya kusikiliza watu wa kwetu, kwani linataka kuamua kama lipeleke majeshi kumwondoa Mkuu. Hawasemi hivyo. Wanasema "kuingilia kati", kama mtu anayeamua ugomvi wa foleni. Mwenyekiti wa jumuiya yetu, yule aliyekuwa daktari wa meno, amenipangia nizungumze tarehe 29 Mei. "Mzee," ameniambia, "wewe ulichora ramani za maji za mji mzima, huna chama, huna makelele. Ukisema ndiyo watakuamini."

Nimepanga kusema hapana.

Unanijua, nimesoma. Katika kurasa zote nilizopitisha macho sijakutana na jeshi lililoingia nchi ya watu kwa ajili ya watu hao peke yao. Daima kuna kitu kingine mfukoni. Bomu halisomi majina kwenye milango. Na uhuru ulioletewa na mgeni, mgeni ataukumbusha kila akija kunywa maji kwako. Watu wa nchi wajikomboe wenyewe, hata kama ni polepole.

Lakini wewe ndiye unayekaa ndani ya nyumba, mimi niliondoka miaka ishirini na saba iliyopita. Nisingependa kusema kabla ya kukusikia.

Mwanao Kwanini hajambo? Siwezi kumwita jina jingine mtu aliyeniuliza, akiwa na miaka minne, kwa nini kivuli hakilowi mvua. Karibu mwaka sasa hajamletea mjomba wake swali hata moja. Ualimu umemkausha?

Kaka yako


29 Machi

Shikamoo tena, kaka. Ile uliyoiitikia kabla hujaisikia imeishia njiani.

Barua yako imefika nyuma ya kadi za vifungo vya koti, vyeusi, dazeni mbili. Mama Vifungo kaileta karakana mchana kweupe, kaiweka juu ya cherehani yangu mbele ya msimamizi na kusema, "Hivi ndivyo ulivyoagiza, mama, ukiona vimepungua uniambie." Yule mwanamke ini lake si la nyama. Ndiyo maana naandika wazi. Askari wa mpakani wanapekua mikoba na nyayo za viatu, lakini hajazaliwa askari mwenye subira ya kubandua vifungo.

Kaka, sema ndiyo.

Nilisoma barua yako mara tatu, nikacheka mara moja, pale penye goti. Unaandika kama mtu anayejadili mvua akiwa chini ya paa. Usinikasirikie. Paa hilo ulilipata kwa shida, najua, mimi ndiye niliyekufungia mzigo.

Unajua ninachoshona siku hizi? Sare za walinzi wa Mkuu. Mwaka juzi tulishona mia tatu, mwaka jana mia tisa. Walinzi hawaongezeki bila wafungwa kuongezeka. Mwezi uliopita tuliletewa sare kuukuu za kurekebisha, tukaambiwa tutoe madoa kwanza. Mwenzangu wa cherehani ya kushoto aliuliza ni madoa ya nini. Sasa kwenye cherehani yake anakaa mwingine, na watoto wake wawili na bibi yao wamehamia Mabwenini, maana nyumba walinyang'anywa. Mimi sikuuliza. Mimi sehemu za kushona mara mbili nazipiga bandi tu, ile mishono ya muda, ukivuta kwa nguvu inang'oka. Kuna walinzi hapa mjini mikono yao ya koti inawaponyoka wakinyanyua kirungu. Huo ndio uasi wangu wote, kaka, na nina miaka sitini na minne.

Unasema tujikomboe wenyewe. Walimu walijaribu mwaka jana. Walitoka barabarani na chaki mikononi, kila mmoja kipande kimoja. Siku ya pili watoto waliokota chaki barabara nzima.

Unamkumbuka jirani yetu fundi viatu, alivyokuwa akimpiga mkewe? Mtaa mzima ulisema mambo ya nyumba ya mtu hayaingiliwi. Baba alikuwa anakula. Akaweka kijiko, akachukua nyundo yake ya useremala, akavuka uchochoro na kuuvunja mlango. Nakuuliza wewe uliyesoma: baba alikosea?

Kwanini hajambo. Kahamishiwa shule ya mbali, kazi nyingi.

Mdogo wako


18 Aprili

Mdogo wangu,

Baba hakukosea. Lakini umeruka nusu ya hadithi. Wewe ulikuwa chini ya meza umeziba masikio. Mimi nilimfuata baba mgongoni. Mlango uliangukia ndani, na nyuma yake alikuwa amejificha binti yao wa miaka sita. Ulimwangukia begani. Nilisikia mfupa. Nimesikia mengi tangu siku hiyo, yakiwemo ya mpakani, ila sauti ile ndiyo inayonijia kila mtu akitamka "kuingilia kati". Wengine wanaona nyundo. Mimi namwona yule mtoto.

Kuna jingine, na limeninyima usingizi. Wiki iliyopita niliitwa na afisa wa jeshi la hapa, mwanamke mpole, ungedhani ni mkutubi. Akakunjua ramani ya mji wetu mezani. Ilikuwa yangu! Herufi zangu mbili ziko pembeni chini, na ile alama ya kaskazini niliyokuwa nikiichora na mkia wa kujionyesha. Hawana ramani iliyo bora zaidi. Akaweka kidole kando ya reli. "Hili ghala la chumvi," akasema, "malori ya jeshi yanaingia na kutoka kila siku. Tunadhani ni silaha. Wewe unasemaje?"

Hukuwahi kujua kazi niliyofanya mwaka ule wa mwisho, kwa hiyo nikuambie leo. Ilikuja amri kwamba ramani isionyeshe kitu cha serikali. Mhandisi mkuu akanipa orodha: gereza liandikwe ghala la chumvi, kambi ya jeshi iandikwe shamba la majaribio, kituo cha pampu kihamishiwe ng'ambo ya mto, na mabomba makuu yapindishwe yaelekee huko. Nilipewa mimi kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri kuliko wenzangu. Niliandika "chumvi" kwa herufi za mviringo, nikapuliza wino ukauke.

Sasa afisa anasubiri. Nikimwambia ukweli, namsaidia kupiga vizuri, mimi ninayekataa wasipige. Nikinyamaza, wakipiga, watapiga gereza. Nilimwomba maji ya kunywa, nikayanywa, nikaaga.

Nishauri.

Kaka yako


9 Mei

Kaka,

Leo sikuamkii. Nitakuamkia mwisho wa barua.

Kwanini hayuko shule ya mbali. Yuko kwenye ghala lako la chumvi tangu Juni mwaka jana. Alitoka na chaki kama wenzake. Nimemwona mara moja, kwa dirisha, akanionyesha vidole vitatu, na mpaka leo sijui alimaanisha nini.

Nilikuficha kwa makusudi. Nilitaka unijibu kama mtu mzima anayewajibu watu wazima. Nilijua ukiambiwa, utaacha kufikiri na utaanza kuwa mjomba: utasema ndiyo ili atoke, au utasema hapana ili asidhurike, na watoto wa wengine watabaki pembeni ya sahani. Nisamehe. Ulipoandika kwamba yule mwanamke ameweka kidole juu ya ghala, nilikuwa naweka uzi kwenye sindano. Uzi uliingia. Nikajua hapo kwamba jibu langu ni lile lile hata yeye akiwa ndani.

Na binti wa nyuma ya mlango sikumsahau. Wewe ndiye hukumjua. Ndiye anayezibeba hizi barua. Mama Vifungo, kaka! Mkono wake wa kulia haupandi juu ya sikio mpaka leo. Akitaka kitu cha rafu ya juu ananiita mimi. Nilimsomea barua yako katikati ya kabati la vitambaa na mapipa ya uzi.

"Kaka yako anaukumbuka mlango," akasema. "Mimi nakumbuka kabla ya mlango. Bega liliniuma miezi miwili. Baba alituumiza miaka sita, na ndiyo yalikuwa maisha yangu yote. Mwambie bega ni langu. Asilibebe kwenda nalo bungeni bila ruhusa."

Nikamwambia, "Kwa hiyo aseme ndiyo."

"Ngoja, una haraka kama cherehani ya umeme. Mwambie na hili. Kesho yake baba yenu alirudi na mbao. Alikaa kwetu siku nne akitengeneza mlango, imara kuliko ule wa kwanza, na baba yangu amekaa pale anamtazama. Halafu mwaka mzima, kila akitoka kazini, alipita akauliza, 'Mlango unafungika?' Hakuuliza jingine. Mlango unafungika? Baba hakumgusa tena mama. Angevunja akaenda zake, tungezikwa wiki ile. Hao wageni kama hawana mbao, wabaki na nyundo yao."

Sema hivyo, kaka. Ndiyo, pamoja na mbao. Na ramani yako uirekebishe leo kabla ya kesho.

Shikamoo.

Mdogo wako


30 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba.

Nilimwendea afisa siku ile ile barua yako iliponifikia, nikiwa na kalamu nyekundu. Nikafuta chumvi nikaandika gereza, na chini yake: watu. Aliniuliza wangapi. Nikamwambia sijui, ila mmoja ni mwalimu wa hesabu na ataanza kwa kuwauliza kwa nini wamechelewa. Nikairudisha pampu mahali pake, mabomba nikayaacha kwani hakuyauliza. Penye shamba la majaribio nikaandika kambi. Niliinuka pale nikajiona mwepesi, kama mtu aliyetoa mwiba wa miaka ishirini na saba.

Jana nilizungumza. Ukumbi una meza ya duara na kila mtu ana gilasi yake. Niliwaambia kwamba mpaka wa nchi ni kama ukuta wa nyumba, umejengwa kumlinda aliye ndani. Siku unapotumika kumficha anayemuua aliye ndani, jirani hawezi kusema "si kwangu" na akabaki mtu mwema. Niliwaambia nilikuja na hapana yangu tayari mfukoni, na kwamba ilikuwa hapana safi, haijawahi kulala njaa wala kufungwa. Kisha nikawaambia habari za mlango, kwa ruhusa ya mwenye bega, na habari za mbao. Mbunge mmoja mwenye miwani akaniuliza, "Mzee, una uhakika hakuna atakayeumia?"

Nikamwambia sina. Nina uhakika tu kwamba wanaumia sasa.

Aliandika kitu. Sijui alichoandika.

Barua hii ikikufika, jaza maji kila chombo chenye mdomo. Kaa mbali na madirisha. Na mbali na reli.

Kaka yako


2 Septemba

Mdogo wangu,

Mwenye duka la vifungo la huku, anakonunua Mama Vifungo, anasema mpaka umefungwa wiki ya sita sasa, tangu majeshi yaingie. Naandika hata hivyo, barua itasubiri pamoja na vifungo. Redio inataja mji wetu kila saa na matamshi hawayawezi. Dobi wa chini amekataa kuwasha mashine kabla sijasikiliza habari za asubuhi. Hajui nchi yetu iko wapi, lakini anasimama pembeni yangu na kapu la nguo mpaka wamalize kusoma.

Kaka yako


17 Novemba

Shikamoo kaka,

Tuko hai, mimi na Kwanini. Nimeanza na hilo ili upumue.

Mkuu ameondoka kama unavyojua. Gereza limesimama, halina hata ufa. Wale askari wa nje walikuja na ramani yako, nimeiona kwa macho yangu, neno chumvi limekatwa kwa wino mwekundu, wakavunja kufuli mlango baada ya mlango. Walitoka watu mia nne na kumi. Kwanini alikuja nyumbani kwa miguu amevaa viatu vya mtu mwingine. Amekonda, meno mawili hayapo, lakini ni yeye. Ila hasemi. Nikimwekea chai anakunywa, nikimwambia lala analala. Sijawahi kumpa mwanangu kitu bila kuulizwa kwa nini, na sasa nyumba ina kimya cha kutisha.

La pili ulisome ukiwa umekaa.

Kambi ya jeshi haikuwa tena pale ulipoichora. Ilihama miaka sita iliyopita. Yakabaki mabweni matupu, na watu walionyang'anywa nyumba wakahamia humo, ndiyo sababu mtaa wote unapaita Mabwenini. Palipigwa usiku wa kwanza. Watu kumi na mmoja. Nilikuandikia Machi kwamba watoto wa mwenzangu wa cherehani na bibi yao wamehamia huko. Bibi amekufa, na mtoto mkubwa. Mdogo yu hai.

Sikufikiri kwamba hulijui jina. Wewe hukuniuliza kitu juu ya shamba lile, mimi sikukueleza, maana kila mtu hapa anajua. Ulirekebisha ramani ya mji uliokwisha. Lakini hatia usiibebe peke yako, nusu yake ni yangu.

Mwenzangu mwenyewe alitoka gerezani siku moja na Kwanini, kwa wino ule ule mwekundu. Mimi ndiye niliyempeleka Mabwenini. Hakuuliza nani alichora. Nilimwambia, kwa sababu asingesikia kwangu angesikia kwa mwingine. Alimshika yule mdogo sikio, kisha akasema, "Mwambie aje aniambie mwenyewe."

Kaka, ukiniuliza leo kama ulivyoniuliza Machi, nitasema ndiyo tena. Naandika hivi nikijua nitakutana naye kesho kwenye foleni ya maji. Mia nne na kumi walitoka. Sare hazishonwi. Nilimsikia mzee mmoja akimtukana Mkuu kwa sauti sokoni na watu wakaendelea kuchagua nyanya. Sitaki mtu aniambie hilo si kitu. Wala sitaki mtu aniambie kumi na mmoja si kitu.

Maji hakuna. Watu wa Mkuu waliharibu pampu wakikimbia, na mabomba hayaonekani yalipo. Wanachimba kwa kufuata ramani wanakuta mchanga. Na wageni wameanza kufunga mizigo. Mama Vifungo anakwenda kwa kamanda wao kila asubuhi, anasimama mbele ya meza na kuuliza, "Mlango unafungika?" Mkalimani ameshatafsiri mara tisa na kamanda ameshatuma fundi mara mbili kuangalia mlango wa ofisi.

Mdogo wako


6 Desemba

Mdogo wangu,

Barua yako niliisoma nimekaa, nikabaki nimekaa mpaka sakafu ilipopoa.

Nilikuwa mwepesi kupita kiasi siku ile ya kalamu nyekundu. Kumbe nilikuwa nafuta uongo mmoja kwa kiburi cha kudhani mji ulinisubiri, kila kitu mahali nilipokiacha. Afisa hakuniuliza kama nina hakika, na mimi sikujiuliza.

Nimerudi bungeni. Safari hii sikualikwa. Nilikaa kwenye benchi la nje siku tatu, mpaka mbunge mwenye miwani akanitambua. Nikamwambia wamevunja mlango na wanaondoka na nyundo. Alifungua daftari lake la Mei, akanionyesha alichoandika wakati ule: "Mbao." Basi ndivyo ilivyokuwa. Wamekubali wahandisi wabaki mwaka mmoja. Nilitaka mitatu. Nitapita kuwauliza kila siku watakayokuwepo.

Nakuja nao. Mabomba yale niliyapindisha kwenye karatasi, kichwani yamenyooka. Najua kila kiungo, kila valvu, na mahali tulipopita chini ya reli. Goti limepinga, nimelishinda. Vitabu nimemwachia dobi.

Mwambie mwenzako nakwenda kwake kwanza, kabla ya pampu, kabla hata ya kwako. Sijaandaa maneno. Kila niliyojaribu kuyaandaa yalikuwa na mwandiko mzuri mno.

Kaka yako


20 Desemba

Mjomba, shikamoo.

Mama anapiga deki chumba chako kwa maji ya foleni, nimemwambia anayapoteza, amenitupia tambara. Kasema nikuandikie mimi, barua ikufikie pale mpakani kwa Mama Vifungo, kwamba nitakupokea kituoni na kukusindikiza Mabwenini.

Amenisomea barua zako zote. Nimekaa nazo siku mbili.

Kule ndani kulikuwa na mzee mmoja, hayupo tena, aliyekuwa analamba ukuta kila asubuhi, halafu anatuambia, "Jamani, bado haijawa chumvi." Tulicheka. Hatukujua inatoka wapi hiyo. Yeye alisema aliwahi kuiona kwenye ramani.

Nina swali, mjomba. Usilijibu kwa barua, utanijibu tukiwa njiani.

Mlikuwa wangapi ofisini siku ile ya orodha, na kwa nini hakuna hata mmoja aliyeuliza?

Kwanini